Amplifaya ya Spika ya Kati

Kwetu Singida mvua ikianza kunyesha watu hutoka nje kuitazama. Kyela inaweza kunyesha siku nne mfululizo na watu wakaendelea na mazungumzo yao, wakipaza sauti kidogo tu. Nilipohamishiwa huku kama bwana shamba, nilichukua miezi kuzoea kelele ya mvua kwenye bati. Tulipanga nyumba Bujonde, mimi na mke wangu, nyuma ya shamba la kakao la mwenye nyumba wetu. Ilikuwa nyumba nzuri, ya tofali za kuchoma, isipokuwa sebule haikuwa na dari. Mvua ikishuka, mtu aliyekaa kiti cha pili ilibidi umpungie mkono ndipo ajue unazungumza naye.

Nadhani mvua hiyo ndiyo iliyonifanya nipende mtambo wangu wa hom thieta kuliko ilivyostahili. Kaka yangu wa Dodoma alinunua mpya akanirithisha wake wa zamani. Kulikuwa na risiva, yaani lile sanduku la katikati linalogawa sauti, pamoja na spika tano na sabufa moja yenye ukubwa wa kiti cha mtoto. Nilivisafirisha kwenye basi vikiwa vimeviringishwa mablanketi, na njia nzima nilikuwa nashuka kila kituo kuangalia kama vimelaliwa na magunia. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alivipokea kwa utulivu. Alichagua mahali pa kuviweka, kisha akavifunika vyote vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe.

Mgeni wetu mkubwa alikuwa mwenye nyumba. Ni mzee mjane aliyevuka miaka sabini, mrefu, mkulima wa kakao na mpunga ambaye ameongoza kwaya ya kanisa lao tangu ujana wake. Nyumba yake iko hatua chache kutoka kwetu, ukipita kwenye migomba. Kila Jumapili alasiri, akishatoka kanisani na kula, alikuja na shati lake jeupe la ibada na mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Alipiga hodi, akasema "Ugonile, bwana shamba," nami nikajibu kwa Kinyakyusa changu cha kubahatisha, naye akacheka kwa adabu. Kisha alikaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango, tukatazama tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambayo vipande vyake vya wiki nzima hurudiwa siku hiyo. Sisi ni Waislamu na yeye ni Mkristo. Mimi nimetoka mbali na yeye hajawahi kuhama. Lakini kwa saa zile tatu tulikuwa watu wa nyumba moja, tukimlaani pamoja mama mkwe wa kwenye tamthilia.

Mwaka wetu wa tatu hapo, mzee alianza kuuliza.

"Amesemaje?"

Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Baadaye ikawa kila baada ya sentensi mbili. Mke wangu alikuwa akimrudia maneno, na alipokuwa akirudia, sisi sote tulikosa yanayofuata. Niliongeza sauti. Vikombe vililia kabatini, bata wa jirani wakahama uwanja, na mzee bado akauliza amesemaje.

"Redio yenu imechoka," akaniambia Jumapili moja wakati wa kuaga. "Inanguruma, lakini haisemi."

Usiku huo nilimwambia mke wangu kwamba labda Kiswahili cha kwenye runinga kinamwendea mzee mbio, kwa sababu yeye hufikiri kwa Kinyakyusa. Mke wangu aliniangalia tu. Mzee huyo ndiye aliyekuwa akinisahihishia muhtasari wa vikao vya wakulima, akiweka mkato pale nilipousahau. Hoja hiyo niliiacha.

Lakini maneno yake kuhusu redio kuchoka niliyashika, tena kwa furaha, na hapa lazima niseme ukweli. Kwa muda mrefu nilikuwa natamani amplifaya ya pembeni. Wanaojua mambo haya huwa wanasema kwamba risiva ya nyumbani ina kazi nyingi mno: inapokea picha, inagawa sauti, na bado inasukuma spika zote. Ukiitua mzigo wa kusukuma, ukaupa mtambo mwingine uliotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, sauti inafunguka. Nilikuwa nimesoma hayo kwenye simu mpaka nikayajua kama dua. Kilichokosekana ni sababu ya kuinunua, na sasa mzee alikuwa amenipa.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Kyela mjini, kwenye duka moja la vifaa vya muziki. Amplifaya niliyoonyeshwa ilikuwa nyeusi, uzito wake kama wa mfuko wa mbolea, yenye taa mbili za bluu na kitasa cha sauti kilichojaa kiganja. Muuzaji aliiwasha. Nilihisi mbavu zangu zikitikisika, na watu wawili waliokuwa wakipita nje wakasimama.

"Hii bosi wangu," akasema muuzaji, "ukiiweka nyumbani, mvua yenyewe itaomba radhi."

Nilirudi Bujonde na karatasi ya maelezo yake. Mke wangu aliisoma yote, mbele na nyuma, kama anavyosoma madaftari ya wanafunzi.

"Hii ni ya ukumbi wa harusi," akasema.

"Ni kwa ajili ya mzee."

"Mzee anataka kusikia maneno. Hapa sijaona palipoandikwa maneno." Akanirudishia karatasi. "Sikukatazi. Lakini kabla hujainunua, kamuulize yule mama fundi anayetengeneza vyombo vya makanisa. Akisema nunua, nitakusindikiza mwenyewe."

Nilikuwa nimemsikia huyo mama, kama kila mtu wilayani. Kanisa likikorofishana na maikrofoni zake, iwe Ndandalo au Njisi, anaitwa yeye. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilimkuta kwenye chumba kimoja karibu na soko, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya mwanga. Alikuwa mwanamke wa umri wa kuelekea sitini, kitenge kimefungwa imara, miwani imeshikwa na kamba ya kiatu shingoni. Mbele yake redio tatu zilikuwa zimefunguliwa matumbo, na skrubu za kila moja zimo kwenye kisoda chake. Hakuna kilichochanganyika. Kwenye ukuta alikuwa ametundika waya kwa urefu, kuanzia fupi mpaka ndefu, zote zimefungwa fundo la namna moja.

Nilimweleza habari yangu. Alinisikiliza huku ameniinamishia kichwa upande, bila kuacha kusafisha kidude kidogo kwa mswaki wa zamani.

"Nimekuja uniambie kama ninunue au nisinunue," nikamaliza.

"Sijui," akasema.

"Lakini mama, nimekueleza kila kitu."

"Umenieleza mtambo. Nyumba sijaiona, na anayelalamika sijamwona." Akapuliza vumbi. "Bwana shamba, mtu akija ofisini kwako akakwambia mpunga wake una njano, unamwambia aweke mbolea gani?"

"Namwambia twende shambani," nikasema, na nikajisikia kucheka.

"Haya. Jumapili nitakuja baada ya ibada. Usimwambie mzee kwamba nakuja kwa ajili yake. Sema nakuja kuangalia redio."

Alikuja kwa bodaboda, mfuko wa vifaa ameupakata. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Walisalimiana kwa Kinyakyusa, salamu ndefu iliyopita kwa wazazi, mavuno na maji ya mto, nami nilisimama nikisubiri kama mtu aliyefika mgeni kwake mwenyewe. Kisha mama fundi akaanza kazi, na nakiri kwamba sijamwona mtaalamu wa aina yoyote, wa shambani au wa hospitali, akichunguza kitu namna ile.

Hakugusa risiva kwanza. Alipita sebuleni akipiga makofi mara mojamoja, akisimama kila kona. Alitazama juu kwenye bati. Alitoa testa yake yenye mshale, akaichomeka kwenye soketi, akaniambia niongeze sauti mpaka sabufa ingurume. Kila ngurumo ilipopiga mshale ulishuka, na balbu nayo ikafifia kidogo. Nilikuwa nimekaa chini ya balbu hiyo miaka mitatu bila kuliona jambo hilo.

"Waya za nyumba hii ni nyembamba," akasema. "Ile amplifaya yako ya dukani itakunywa umeme wote, friji itaugua, na wewe utabaki na mtetemo."

Halafu akakaa kwenye kila kiti. Akikaa, anageuza shingo upande mmoja, anasikiliza, anainuka, anahamia kingine. Alipofika kwenye spika ya kati, ile inayowekwa chini ya runinga, alipiga magoti. Mke wangu alikuwa ameiweka kwenye rafu ya chini kabisa, na kitambaa chake cheupe cha kufuma kilikuwa kimening'inia mbele yake mpaka sakafuni.

"Ni nani aliyefuma hiki?"

"Ni mimi," akasema mke wangu.

"Kizuri sana. Naomba nikivue." Alikikunja mara nne kwa uangalifu, akampa. "Maneno karibu yote ya kwenye picha yanatoka kwenye spika hii. Muziki na milango na magari vinatoka kwenye hizo nyingine. Ninyi mmewavika shuka wanaozungumza, halafu mkawaweka wazungumze na magoti yenu."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa natazama zile taa za bluu akilini mwangu zikizimika moja moja.

Aliinyanyua spika, akaiegemeza juu ya vitabu viwili ili ituelekee usoni. Kisha akatoa flashi kwenye mfuko. Alikuwa amejirekodi mwenyewe akisoma orodha ya maneno, neno moja moja, kwa sauti ya kawaida: pata, kata, taka, saka, shaka, chaka. Alitugawia vipande vya karatasi sote wanne, na yeye mwenyewe akiwemo, akasema tuandike tunachosikia bila kutazamana. Baadaye niliambiwa mke wangu alipata yote. Mimi nilikosa moja. Mama fundi alizikusanya karatasi, akazitazama, akazitia mfukoni mwake bila kuisoma kwa sauti ya mtu yeyote. Mzee alikuwa anatazama mlangoni.

"Hebu niangalie waya zinazoingia kutoka nje," akasema mama fundi. "Baba, nisindikize barazani, unionyeshe nguzo."

Walitoka. Baada ya muda nikawafuata na chai. Nilipofika nyuma ya pazia la mlango niliwasikia, nikasimama. Sijivunii kusikiliza mazungumzo ya watu, lakini birika lilikuwa la moto na miguu ilikataa kwenda mbele.

Walikuwa wanazungumza Kiswahili. Nadhani mama fundi alikichagua ili lisikike kama jambo la kazi.

"Baba, nguzo haina tatizo."

"Najua haina."

"Umeandika pata mara nne."

 Mzee akasema, "Nilijua tangu mwaka jana. Nilisimama mbele ya kwaya, sauti ya tatu wakakosea, watu wote wakageuka, mimi nikaendelea kupiga mkono. Nikasema moyoni, kumbe imefika."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nikisema masikio yamechoka, wataacha kuniita kwenye vikao. Watasema mzee apumzike. Kwa hiyo nikasema redio ya bwana shamba imechoka. Redio haioni aibu."

Nilitamani kurudi jikoni, ila kandambili zangu zingelia.

"Mimi sikio la kushoto halisikii kitu," akasema mama fundi.

"Wewe?"

"Tangu nina miaka tisa. Liliuma, likatoa usaha, likanyamaza. Ndiyo maana umeniona nahama kiti hadi kiti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwenye masikio mawili anakaa katikati anajua spika ipi imelala. Mimi lazima niifuate kila moja ilipo. Watu wanasema nina sikio kuliko mafundi wote. Ni kweli, ninalo, moja." Akacheka kidogo. "Nilificha mpaka nikaolewa. Nikachoka kuficha. Kuficha ni kazi ya kutwa, baba, na haina likizo."

Mzee akasema kitu kwa Kinyakyusa, polepole, nami sikukielewa, na sasa naona ni vizuri sikukielewa. Nilipowapelekea chai, mzee alichukua kikombe kwa mikono miwili. Mama fundi alinitazama usoni, nikajua amejua kwamba nilikuwepo nyuma ya pazia. 

Tulirudi ndani akatoa uamuzi wake, naye aliutoa mbele ya watu wote, mzee akiwa amekubali kwa kichwa.

"Amplifaya kubwa usinunue. Ukiongeza nguvu kwenye mtambo mzima, unaongeza kila kitu. Ngurumo itakua, na maneno yatabaki chini yake vilevile. Ila amplifaya ya pembeni utapata, ndogo, ya maneno ya spika ya kati peke yake." Akaigeuza risiva, akanionyesha nyuma yake safu ya matundu ambayo sikuwahi kuyatilia maanani. "Hapa kila spika ina tundu lake la kutolea sauti kabla haijasukumwa. Tutachukua maneno hapa, tuyapeleke kwenye kisanduku changu, na kisanduku kitasukuma spika moja ndogo hapa pembeni ya kiti cha baba. Nitapunguza yale mazito na kuyainua yale membamba, maana ndiyo yanayompotea. Kitasa cha sauti atakuwa nacho yeye. Hatamwomba mtu."

"Na hii spika yenu ya kati?" akauliza mke wangu.

"Itabaki inasema na ninyi. Bila shuka."

Kisha akamgeukia mzee. "Na hii si dawa. Utakwenda hospitali wakakuchungulie. Ukikataa, kisanduku nitakirudisha nyumbani kwangu."

"Nitakwenda," akasema mzee.

Alikileta wiki iliyofuata. Alikuwa amekitengeneza kutokana na amplifaya iliyokufa ya kanisa moja, akaichambua, akachukua transfoma yake na vipande vilivyobaki hai, akavipanga upya kwenye sanduku la bati alilolikata mwenyewe na kulipaka rangi ya kijivu. Kingo zote alizipiga tupa ili zisimkate mtu. Nilimshikia tochi alipokuwa akiunganisha waya za mwisho, kile chuma cha kuyeyushia risasi kikifuka moshi mwembamba, nikamuuliza alijifunza wapi.

Alisema alianzia kwao Njisi, akiwa msichana. Redio ya baba yake iliharibika, na baba alikuwa akiipenda kwa sababu ya taarifa za habari. Aliifungua baba alipokwenda shambani, akaona uzi mmoja wa shaba umekatika, akausokota, redio ikasema. Baba yake aliporudi na kuikuta inazungumza, hakumpongeza. Alimuuliza tu, "Ukiiharibu utaweza kuirudisha?" Akajibu ndiyo. Tangu siku hiyo majirani wakaanza kuleta zao. Alipoolewa, mume wake alitaka aache, kisha akaona magari ya watu wakubwa yanasimama mlangoni yakimtafuta mke wake, akaacha kutaka. Hakuwahi kukaa darasani kusomea umeme. Vitabu vyake, alivyonionyesha baadaye, ni madaftari tisa ya shule ambamo amechora kwa penseli kila kifaa alichowahi kukifungua, kwa mkono safi ambao maofisa wengi niliofanya nao kazi hawana.

"Huogopi kukosea?" nikamuuliza.

"Naogopa. Ndiyo maana nachora."

Jumapili hiyo mvua ilikuja saa tisa, nzito, moja kwa moja kutoka ziwani. Kwa kawaida tungezima tamthilia tukasubiri. Mama fundi alisema iacheni, nataka kuona. Spika ndogo ilikuwa juu ya kigoda, kama mkono mmoja kutoka kwenye sikio la mzee la kulia, ambalo ndilo zima zaidi. Kisanduku cha kijivu kilikuwa kwenye mkono wa kiti. Mama fundi alimshika mzee kidole akakiweka kwenye kitasa.

Mzee alikizungusha kidogo. Akasimama. Akakizungusha tena, akakirudisha nyuma kiasi, kama anavyotafuta sauti ya kuanzisha wimbo. Uso wake haukuonyesha kitu. Kwenye runinga mkwe alikuwa ametuhumiwa kuiba pete, na mama mkwe alikuwa anamnong'oneza dada yake jambo, kwa sauti ya chini kabisa, na mimi niliyekaa karibu na runinga, kwa mvua ile, sikulipata.

Mzee alipiga goti lake kofi.

"Mwongo mkubwa!" akasema. "Pete ameificha yeye mwenyewe!"

Mke wangu akageuka. "Amesemaje?"

Ndipo sote tukatambua ni nani aliyeuliza. Mzee alimtazama mke wangu, akaanza kucheka, kicheko cha kifuani kilichomtoa machozi, na kwa mara ya kwanza alasiri ile yeye ndiye aliyeturudia sisi maneno. Aliyarudia kwa ukamilifu, na sauti ya mama mkwe akaiiga. Mama fundi alikuwa amesimama karibu na ukuta, sikio lake zima limeelekea chumbani, mikono imefungwa kifuani. Hakucheka. Alikuwa anasikiliza kama kisanduku kinakwaruza.

"Ndaga fijo, mwanangu," mzee akamshukuru alipomaliza kujifuta macho. "Ndaga fijo."

"Punguza kidogo, baba," akajibu. "Ukikifungua mpaka mwisho utachoka mapema."

Aliketi akatazama nasi mpaka mwisho, na tangu siku hiyo Jumapili nyingi huwa anapita. Amesema hajawahi kuona familia ya wajinga kama ile ya kwenye tamthilia, na hakosi.

Hospitali mzee alikwenda, mke wangu akamsindikiza. Sikio la kushoto lilikuwa na uchafu wa miaka, likasafishwa, likarudi kiasi. Sehemu nyingine daktari alisema ni umri, na akamwelekeza Mbeya kwa habari ya kifaa cha kuvaa. Hilo bado tunalifuatilia. Kwaya alimwachia msaidizi wake baada ya sikukuu, mwenyewe, kwa hotuba fupi, na sasa anafundisha sauti ya nne peke yake nyumbani kwake, watu watatu watatu, ambapo anasikia kila kosa.

Mimi sikununua ile amplifaya. Nitasema kweli, bado nikipita pale dukani huwa natazama ndani. Lakini kitu kingine kimenibadilikia kazini. Mkulima akinijia ofisini na tatizo, siku hizi naanza kwa kumuuliza nani mwingine nyumbani kwake analiona tatizo hilo, kisha nachukua pikipiki. Nimegundua mara nyingi shamba linalonisubiri si lile nililoelezewa.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha wakulima wa kakao kwenye ukumbi wa kijiji, kuhusu kukausha mbegu wakati wa mvua. Nilikuwa nimeshafungua daftari nianze kuzungumza. Mzee akasimama katikati ya safu ya nyuma, wanapokaa wazee wa heshima, akaomba nafasi.

"Kabla bwana shamba hajaanza," akasema, "mimi masikio yangu yamepungua. Naomba kiti changu kihamie mbele, na kila atakayesema aniangalie usoni."

 Alikibeba kiti chake mwenyewe, akakiweka hatua mbili kutoka kwenye meza yangu, akakaa, akaweka miguu sawa. Akasimama mzee mwingine nyuma, mkubwa kuliko yeye, akakohoa, akabeba na yeye kiti chake mbele bila kueleza. Halafu mama mmoja mkulima wa Ndandalo. Halafu wengine wawili. Viti vilikwaruza sakafu, watu wakasogeza magoti kuwapisha, na tulipotulia nilikuwa na safu nzima ya watu mbele yangu, wamenikazia macho midomoni, wakisubiri. Nikafunga daftari, nikanyanyua uso, nikaanza kuzungumza nao polepole.